MPANGAJI AKITELEZA AKAANGUKA: Dhamana ya Mwenye Nyumba katika Fiqhi na katika Historia

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, miji yetu imekuwa miji ya wapangaji. Watu wengi wanalala katika nyumba zisizokuwa zao, wanapanda ngazi wasizozijenga, na wanaoga katika vyoo ambavyo sakafu yake aliichagua mtu mwingine. Ngazi ikivunjika daraja moja, au bomba likivuja mpaka korido ikaota ukungu, mama huteleza na ndoo yake, mzee huvunjika nyonga, mtoto hupasuka kichwa. Hapo huzuka mzozo. Mpangaji husema: "Nyumba ni yako na kodi unachukua, basi nitibu." Mwenye nyumba hujibu: "Mimi sikukusukuma. Hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Wapo na wenye nyumba waliosoma kidogo, nao huongeza kwamba kitabu cha Minhaj, ambacho ndicho tegemeo letu Mashafii, hakimpi mpangaji isipokuwa hiari ya kuhama.

Katika makala haya tunakusudia kulifuatilia suala hilo tangu asili yake mpaka zama zetu, ili tujue maulamaa walisema nini hasa. Tutaona, inshaallah, kwamba kuanguka peke yake si deni juu ya mwenye nyumba. Lakini pia kadari haijapata kuwa kinga ya mtu aliyezembea wajibu wake. Neno tutakalolitumia ni dhamana, kwa maana yake ya kifiqhi: jukumu la kulipa kilichoharibika, kiwe mali, kiungo au roho.

Asili yake: Hadithi ya kisima

Wamepokea Imam Bukhari na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) hadithi ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) ametaja kwamba madhara ya mnyama, ya kisima na ya machimbo ni jubari, yaani hayana fidia. Mwenye kuisoma juu juu atadhani kwamba mambo yamekwisha: aliyetumbukia ametumbukia.

Maulamaa hawakuifahamu hivyo. Walisema kisima kisichokuwa na fidia ni kile alichokichimba mtu katika milki yake, au mahali alipokuwa na haki ya kuchimba, bila ya kumdhulumu mtu. Ama aliyechimba katika njia ya watu bila ya haki, akatumbukia mpita njia, huyo analipa. Hapa ndipo ulipotoka msingi mkubwa wa mlango huu. Mwenye kuharibu kwa mkono wake, naye huitwa mubashiri, hulipa hata kama hakukusudia. Ama mwenye kusababisha tu, naye huitwa mutasabbibu, halipi mpaka ithibiti kuwa amefanya taaddi, yaani amevuka mpaka au ameacha lililomlazimu.

Mwenye nyumba karibu siku zote ni mutasabbibu. Hakumsukuma mpangaji. Kwa hivyo swali si "Nani mwenye nyumba?" Swali ni "Je, amefanya taaddi?" Na historia yote ya suala hili ni historia ya kujibu swali hilo.

Mji wa al-Kufa na ukuta ulioinama

Mji wa al-Kufa nchini Iraq uliasisiwa mwaka 17 Hijria (638 Miladia), zama za Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Wanahistoria wanaeleza kwamba nyumba zake za mwanzo zilikuwa za matete, zikaungua moto, kisha watu wakaruhusiwa kujenga kwa matofali ya udongo, kwa sharti la kutozidisha vyumba wala kushindana kwa urefu. Udongo una tabia yake. Mvua hunyesha, msingi hulowa, na ukuta uliojengwa wima huanza kuinama.

Kwa hiyo haishangazi kwamba mas-ala ya ukuta ulioinama yalishika nafasi kubwa kwa wanavyuoni wa mji ule. Kanuni ilitambulika kuwa ni hii: ukuta ukiinama, na mwenyewe akaonywa, na ukapita muda ambao angeweza kuubomoa naye asiubomoe, kisha ukaanguka, basi analipa. Kauli hii imepokewa kutoka kwa Kadhi Shurayh, na kutoka kwa al-Shaabi na Ibrahim al-Nakhai, nao wote ni katika wanavyuoni wakubwa wa al-Kufa. Mahanafi wakaichukua, na al-Marghinani (aliyefariki mwaka 593 Hijria, 1197 Miladia) akaipanga vizuri katika al-Hidaya.

Wenyewe Mahanafi walikiri kwamba kwa kiyasi cha kawaida mtu huyu asingelipa, kwani alijenga wima katika milki yake na kuinama kwa ukuta si kitendo chake. Lakini waliacha kiyasi wakashika istihsani, kwa sababu mtu aliyeonywa, naye ana uwezo, akanyamaza, kunyamaza kwake kumekuwa ni taaddi. Imam Malik naye, kama ilivyo katika al-Mudawwana, alimtoza mwenye ukuta aliyeshuhudishiwa onyo. Kwa Mahanbali, Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria, 1223 Miladia) anasimulia katika al-Mughni kwamba Imam Ahmad alisita kutoa jawabu, ila wafuasi wake walisema analipa akitakiwa kubomoa akakataa.

Katika karne ya nane Hijria alikuwepo mjini Tunis fundi mwashi aitwaye Ibn al-Rami, ambaye makadhi wakimtuma kwenda kukagua kuta na mifereji kabla ya kutoa hukumu. Alikusanya mas-ala hayo katika kitabu chake juu ya hukumu za majengo. Yaani kadhi hakuhukumu ukuta kwa kusikia maneno ya wagomvi. Alimpeleka fundi autazame.

Minhaj inasema nini?

Tuje sasa kwenye kitabu chetu. Imam al-Nawawi (631–676 Hijria, 1233–1277 Miladia) ametaja mambo yanayohusu suala hili katika milango miwili ya Minhaj al-Talibin, na kosa la wengi ni kusoma mlango mmoja wakauacha wa pili.

Mlango wa kwanza ni wa ijara. Humo amesema kwamba kuitengeneza nyumba ni juu ya aliyepangisha. Akiharakisha kutengeneza, mambo yatakwenda. Na asipotengeneza, mpangaji ana khiyari ya kuvunja mkataba. Wafafanuzi wake wamebainisha kwamba makusudio si kumlazimisha mwenye nyumba kwa nguvu. Wamemtoa katika hukumu hiyo msimamizi wa wakfu na walii wa mali ya yatima: hawa ni wajibu juu yao kutengeneza wakiwa na uwezo, kwa sababu wanasimamia mali isiyokuwa yao. Nasi wa mwambao, ambao miji yetu ina nyumba nyingi za wakfu, hili si jambo la kulipita haraka.

Kisha Imam al-Nawawi, ambaye maisha yake yalikuwa Sham na anaijua theluji, akaleta mfano wa ajabu kwa uwazi wake. Kuondoa theluji juu ya dari ni kazi ya mwenye nyumba. Kusafisha uwanja wa nyumba, theluji na takataka, ni kazi ya mpangaji. Sisi huku hatuna theluji, lakini mgawanyo umefahamika. Lililo katika mwili wa jengo, ambalo mpangaji hana mkono nalo, ni la mwenye nyumba. Linalozalika kwa matumizi ya kila siku ni la mpangaji.

Mlango wa pili ni wa diya. Humo amesema kwamba ukuta uliojengwa wima kisha ukainama na kuanguka hauna dhamana. Na akataja kauli dhaifu kwamba mwenyewe atalipa ikiwa aliweza kuubomoa na kuutengeneza. Hii ndiyo sehemu wanayoishikilia wenye nyumba. Lakini humo humo amesema kwamba anayetupa maganda ya tikiti njiani, mtu akateleza, analipa. Na amesema kwamba mtu aliyechimba kisima katika ukumbi wa nyumba yake mwenyewe, kisha akamwalika mtu akatumbukia, kauli yenye nguvu ni kwamba analipa. Wafafanuzi wakaeleza kuwa hiyo ni pale mgeni hakujua wala hakujulishwa, kwa giza au kwa kufunikwa.

Tuzingatie. Kisima kiko katika milki yake, na hadithi ya kisima tumeiona. Pamoja na hayo analipa, kwa sababu amemwita mtu aingie mahali penye hatari akamficha. Nasi tunasema: ikiwa huyu ni mgeni aliyeingia bure, mpangaji aliyeitwa kwa mkataba na akatoa kodi yake anastahiki zaidi kuambiwa kwamba mfuniko wa karo umeoza, au kwamba boriti za chumba cha juu zimeliwa na mchwa.

Imam al-Ghazali na sabuni ya hamamu

Kuna maneno mengine ya Shafii mkubwa ambayo yanagusa kuteleza hasa, wala hayatajwi sana katika mjadala huu. Hayamo katika kitabu cha mikataba bali katika Ihyau Ulumid-Din, katika kitabu cha kuamrisha mema na kukataza maovu, pale Imam al-Ghazali (450–505 Hijria, 1058–1111 Miladia) anapohesabu maovu ya mahamamu.

Anasema kwamba katika maovu hayo ni mawe laini yenye kuteleza kwenye viingilio na mapitio ya maji. Ni wajibu yaondolewe, na mwenye hamamu akemewe kwa uzembe wake, kwa sababu kuanguka huvunja viungo. Kisha anauliza: mtu akiacha sabuni au majani ya mkunazi sakafuni akaondoka, na mwingine akateleza mahali pasipoonekana akavunjika, nani analipa? Jawabu lake ni kwamba siku ya kwanza analipa aliyeiacha, na siku ya pili analipa mwenye hamamu. Kwa nini? Kwa sababu ada ni kusafisha hamamu kila siku, na usafi ni kazi yake. Na muda wa kusafisha hurejeshwa kwenye ada ya watu.

Hapa hakuna aliyemwonya mwenye hamamu. Hakuna aliyemshuhudishia. Siku ilipopita bila ya kufagia, ada yenyewe ndiyo iliyokuwa onyo. Anayesema kwamba madhehebu ya Shafii hayamtwishi mwenye mahali jukumu lolote bila ya kuchimba au kusukuma, na ayasome maneno haya. Mahamamu yalikuwepo na huku kwetu; Hamamni ya mjini Zanzibar ilijengwa zama za Sultan Barghash (1870–1888). Na leo ngazi ya pamoja ya nyumba ya ghorofa, ambayo inafagiliwa na mtu aliyewekwa na mwenye nyumba, inafanana sana na sakafu ya hamamu.

Nani aonywe, na nani awezaye kusubiri

Mahanafi walikwenda mbali zaidi katika kupambanua onyo, na mambo yao matatu yanafaa kukumbukwa.

La kwanza: onyo haliwi onyo mpaka limfikie mwenye uwezo wa kubomoa. Al-Hidaya inasema kwamba kumwonya aliyepanga au aliyeshika rahani hakumlazimishi mwenye ukuta kitu, kwani hao hawana mamlaka ya kubomoa. Basi mpangaji aliyemlalamikia mpangaji mwenzake, au mlinzi wa mlangoni, bado hajaonya. Amwendee mwenye nyumba au wakili wake mwenye mamlaka ya kutengeneza.

La pili: hatari ikiwa inaelekea kwa wakaazi wa nyumba maalumu, wao wanaweza kumpa muhula, kwa kuwa haki ni yao. Ikielekea njia ya umma, hapana anayeweza kumpa muhula, hata kadhi, kwa sababu haki ni ya watu wote. Na nyumba ikiuzwa baada ya onyo, muuzaji hutoka katika dhamana, na mnunuzi halipi mpaka naye aonywe.

La tatu ni juu ya anayejua hatari. Wamesema kuhusu mtu aliyemwaga maji mengi njiani: akiloweka sehemu tu, na mpita njia akapita makusudi pale penye maji, aliyemwaga halipi. Akiloweka njia yote analipa, kwa sababu mpita njia amelazimika. Pima mwenyewe, ndugu msomaji. Mpangaji wa ghorofa ya tatu ambaye ngazi ni moja tu, haambiwi: "Ulijua kuwa ni mbovu, kwa nini ulipita?" Alitaka apite wapi?

Majalla na mahakama za Kiingereza

Dola ya Uthmaniya ilipoandika Majalla yake kati ya mwaka 1869 na 1876, hukumu hizi ziliwekwa katika vifungu. Kifungu cha 92 na cha 93 vinabeba kanuni ya mubashiri na mutasabbibu. Kifungu cha 529 kinaweka juu ya mwenye nyumba matengenezo yanayogusa manufaa ya nyumba pamoja na njia za maji, na kinampa mpangaji haki ya kutoka akikataliwa, isipokuwa kama aliiona kasoro siku ya kupanga akairidhia. Kifungu cha 928 ni ukuta ule ule wa al-Kufa: hakuna dhamana, ila ukiwa uliinama kabla na mwenyewe akaonywa na muda ukapita.

Inafaa kulinganisha na Uingereza ya zama hizo. Mwaka 1906, katika kesi ya Cavalier na Pope, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilimkatalia fidia mwanamke aliyeumia kwa ubovu wa sakafu ya nyumba ya kupanga, ilhali upande wa mwenye nyumba ulikuwa umeahidi kuitengeneza. Sababu ilikuwa kwamba mkataba aliufunga mumewe, wala si yeye. Sheria za mwaka 1957 na 1972 ndizo zilizobadilisha hali hiyo nchini kwao. Katika fiqhi, dhamana ya mwenye taaddi haiulizi nani aliyefunga mkataba. Mke, mtoto, mgeni na mpita njia wote wana haki moja katika roho zao na viungo vyao.

Hatutaji haya kwa kujifakharisha, kwani huku kwetu elimu hii ilibaki vitabuni. Chini ya utawala wa Waingereza, Minhaj ilisomwa mahakamani kwa tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1914, na zaidi kwa ndoa, talaka na mirathi. Leo, kwa mfano, ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Mpangaji aliyevunjika mguu anakwenda mahakama za kawaida, na sheria ya Kenya juu ya dhamana ya mwenye kumiliki mahali imefuata ile ya Uingereza ya 1957. Kwa hivyo mlango huu umesahaulika hata na wanafunzi wa dini, ukabaki ulimini mwa watu ule msemo mmoja: ni kadari.

Fundisho kwetu leo

Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la wapangaji lilianguka mtaa wa Huruma, Nairobi, wakafariki watu wapatao 50. Jengo hilo lilikuwa tayari limetajwa kuwa ni la kubomolewa. Mvua ilikuwa kubwa usiku ule, na mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini onyo lilikuwepo, na muda ulikuwepo. Wanavyuoni wa al-Kufa wangeuliza maswali mawili tu hayo, na yangewatosha.

Kutokana na yote tuliyoyataja, sisi tunaona kwamba Mwislamu mwenye nyumba anatakiwa ajihesabu katika mambo manne. Kwanza, asifiche kasoro anayoijua siku ya kupangisha, kwani huyo ni sawa na mwenye kisima cha ukumbini. Pili, akiambiwa juu ya ubovu wa jengo, ajue kwamba saa ya dhamana imeanza kuhesabiwa kwa kauli ya wanavyuoni wengi; na kushika kauli ya Minhaj ya kutolipa huku kodi anaipokea kila mwezi na ngazi anaijua, si uchaji. Kauli ile ni ya ukuta uliojengwa sawasawa ukainama wenyewe. Haikuwekwa ili mtu alale juu yake. Tatu, mahali pa pamoja, kama ngazi, korido na chooni, asingoje kuambiwa, kwani ada ya usafi na ukaguzi ni onyo tosha, kama alivyosema Imam al-Ghazali. Nne, anayesimamia nyumba ya wakfu au ya yatima hana khiyari: akiwa na uwezo, atengeneze.

Na mpangaji naye ana yake. Maji aliyoyamwaga mwenyewe na maganda aliyoyaacha mlangoni ni dhamana yake, wala asimtupie mwenye nyumba. Akiona hatari aseme mapema, amwambie mwenye mamlaka, na aweke mashahidi au maandishi, kwani onyo lisiloweza kuthibitishwa ni kama halikutolewa. Na asidai kisichokuwa haki yake. Ikithibiti dhamana, fiqhi ina vipimo: diya kwa roho, arshi au hukuma kwa jeraha, na thamani kwa mali. Vipimo hivyo hukadiriwa na kadhi au wasuluhishi, wala si kila mtu kwa hasira zake.

Masheha, maimamu na wazee wa mitaa wanaweza kufanya kazi kubwa hapa hata bila ya mahakama. Wamchukue fundi, kama makadhi wa Tunis walivyomchukua Ibn al-Rami, akaitazame ngazi. Kisha wamwite mwenye nyumba wamwambie mbele ya watu wawili. Gharama ya kutengeneza daraja moja la ngazi ni ndogo kuliko gharama ya nyonga ya mzee mmoja, na ndogo mno kuliko hesabu ya roho mbele ya Mola wetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotekeleza amana, azihifadhi nyumba zetu na waliomo ndani yake, na awarehemu waliotangulia chini ya kuta zilizoonywa zisibomolewe. Amin.

Wallahu aalam.